Diwani ya kusoma kikundini: ladha ya nani ifuatwe?

Swali: Kikundi cha watu 8 kinachagua diwani (kitabu cha mashairi) moja. Nusu wanasema mashairi huru, yasiyofuata kanuni za jadi za ushairi, si mashairi. Tunatenganishaje "siipendi" na "ni mbovu"?

Jibu 1: Anzeni na kinachohesabika. Kama ni tarbia, ubeti una mishororo (mistari) 4, na kwa kawaida kila mshororo una mizani (silabi) 16, 8 kwa ukwapi (nusu ya kwanza) na 8 kwa utao (nusu ya pili). Hesabuni silabi, si herufi: "mtu" ni mizani 2. Wengi huiruka hiyo "m" kisha wanamlaumu mshairi bure! Mizani ikipelea, au neno limebanwa tu ili kina (silabi za mwisho zinazofanana) kipatikane, hilo ni kosa la ufundi. Kuchoshwa na mawaidha ni ladha yako.

Jibu 2: Sawa, lakini kipimo hicho hakifai kwa shairi huru. Mshairi Kezilahabi alipotoa diwani yake ya mashairi huru, "Kichomi", mwaka 1974, ubishi ulikuwa huu huu. Huko pimeni taswira, na mahali mstari unapokatwa. Uunganisheni na unaofuata, msome kwa sauti. Kama hakuna kilichopotea, ule mkato ni pambo.

Jibu 3: Kura ya siri, alama mbili kwa kila kitabu: ufundi 1–5, hamu ya kuendelea 1–5. Msizijumlishe, maana hamu humeza ufundi. Someni mashairi 3 ya katikati. Ya mwanzo mara nyingi huchaguliwa kuvutia mnunuzi.

Muulizaji: Na alama zikigongana?

Jibu 3: Chukueni kile chenye ufundi 4 na hamu iliyogawanyika. Mkikipenda nyote, mjadala utaisha kabla ya chai.