Kuheshimu sanamu takatifu kunatofautianaje na kuziabudu?

Muulizaji: Ndugu wanajukwaa, Kutoka 20:4 inakataza kujifanyia sanamu ya kuchonga, lakini Wakatoliki hupiga magoti mbele ya sanamu na Waorthodoksi hubusu ikoni (picha takatifu za kuchorwa). Naomba anayefahamu anieleze, kwa hoja na si kwa matusi, msingi wa desturi hii.

Mchangiaji wa kwanza: Ndugu muulizaji, suala hili liliamuliwa na Mtaguso (mkutano mkuu wa maaskofu) wa Pili wa Nisea mwaka 787, baada ya makaizari wa Bizanti, yaani Dola ya Roma ya Mashariki, kupiga vita picha takatifu kwa miongo kadhaa. Mtaguso ulitenganisha ibada, anayostahili Mungu peke yake, na heshima, ambayo picha hupewa kwa kuwa humfikia yule aliyechorwa. Kabla ya hapo Yohane wa Damasko, mtawa na mwanateolojia, alikwisha kujenga hoja juu ya Umwilisho, yaani Mungu kufanyika mtu katika Kristo: Mungu asiye na mwili hachoriki, lakini alipotwaa mwili akaonekana na watu, kilichoonekana kinaweza kuchorwa. Isitoshe, Mungu yuleyule aliagiza makerubi ya dhahabu juu ya sanduku la agano (Kutoka 25:18).

Mchangiaji wa pili: Makerubi hayo hayakuwekwa ili watu wayapigie magoti. Mfano unaogusa swali ni nyoka wa shaba: Musa alimtengeneza kwa agizo la Mungu, naye mfalme Hezekia akamvunja kwa sababu Waisraeli walikuwa wakimfukizia uvumba (2 Wafalme 18:4). Basi hata sanamu yenye asili halali hugeuka sanamu ya kuabudiwa, na ndiyo maana Calvin, mwanamageuzi wa Kiprotestanti, aliukataa utenganisho huo wa ibada na heshima, akiona kwamba tendo la mwabudu ni lilelile hata likibadilishwa jina.

Mchangiaji wa kwanza: Mfano wa Hezekia naukubali, maana Mtaguso wa Trento wa Kanisa Katoliki wenyewe, mwaka 1563, ulikataza kuamini kwamba ndani ya sanamu mna uungu au nguvu ya kutegemewa. Anayedhani sanamu moja inasikia maombi kuliko nyingine anakiuka mafundisho ya Kanisa lake, na mapadre wanapaswa kulisema hilo waziwazi zaidi. Ila tusiwahesabu Waprotestanti wote upande wa Calvin: mwaka 1522 Luther, mwanzilishi wa mageuzi ya Kiprotestanti, alihubiri mjini Wittenberg, Ujerumani, dhidi ya uvunjaji wa picha kwa ghasia, na makanisa mengi ya Kilutheri yana msalaba wenye sanamu ya Kristo hadi leo.