Ushauri: mlinganyo wa kipeuo umetoa majibu mawili, mwalimu amekubali moja tu

Yaya wa Kadutu: Jambo wandugu. Niko Bukavu, namsaidia mdogo wangu wa mwaka wa nne, seksio ya Mat-Fizike. Walipewa zoezi hili:

√(2x + 3) = x

Alipandisha pande zote mbili kwa kipeo cha pili, akapata 2x + 3 = x², kisha x² − 2x − 3 = 0, yaani (x − 3)(x + 1) = 0. Majibu: 3 na −1. Tena mwanzoni aliandika sharti la kuwepo, yaani kilicho ndani ya kipeuo kisiwe hasi, 2x + 3 ≥ 0, na −1 inalitimiza vizuri, maana 2(−1) + 3 = 1. Sasa mbona −1 imekatwa kwa wino mwekundu bila neno lolote? Mtoto amevunjika moyo, na sitaki kumkaririsha kitu ambacho mimi mwenyewe sikielewi.

Papa Amani: Yaya, kwenye vipeuo jibu hasi linatupwa. Achukue lile chanya, aendelee.

Mwalimu wa Bagira: Papa Amani, samahani, hilo litamponza mtoto. Tazama √(x + 3) = x + 3. Majibu ni −3 na −2, yote hasi, na yote ni ya kweli: −3 inatoa 0 = 0, −2 inatoa 1 = 1. Halafu √x = x − 2 inakupa 1 na 4. Ile 1 ni chanya, lakini ukiiweka, kushoto unapata 1, kulia −1. Ni jibu la uongo.

Yaya, chanzo ni ile hatua ya kupandisha. Kama a = b, basi a² = b², hilo halina ubishi. Kurudi nyuma ndiko hakuna uhakika: 1² na (−1)² ni sawa, ila 1 na −1 si sawa. Na alama √ maana yake ni kipeuo kisicho hasi peke yake. Weka −1 kwenye zoezi: kushoto √1 = 1, kulia −1. Hiyo −1 ni jibu la mlinganyo mwingine kabisa, −√(2x + 3) = x. Ukiipandisha yote miwili inakuwa 2x + 3 = x² ileile, ndiyo maana majibu yao yanachanganyika humo.

Yaya wa Kadutu: Hapo nimeshika, mwalimu. Lakini sharti la kuwepo si lingeizuia?

Mwalimu wa Bagira: Hapana, na hapa wengi wanakwama. Ukishafika 2x + 3 = x², kulia hakuwezi kuwa hasi, basi na 2x + 3 haiwezi. Sharti hilo linatimia lenyewe, halichuji kitu. Linalochuja ni la upande wa pili: x ≥ 0, kwa sababu kipeuo hakilingani na namba hasi hata siku moja. Aliandike kabla ya kupandisha, −1 itaondoka yenyewe. Kwenye √x = x − 2 sharti ni x ≥ 2, na 1 inaondoka.

Kijana wa Lubumbashi: Mimi niko wa sita, najiandaa na Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari. Kila jibu nalirudisha kwenye mlinganyo wa mwanzo kabisa, si ule uliokwisha kupandishwa, maana ule utakubali hata la uongo. Ila yaya, vikija vipeuo viwili awe macho: √(x + 5) = 1 + √x. Wengine wanaandika x + 5 = 1 + x, wanaona 5 = 1, wanasema hakuna jibu. Kumbe (1 + √x)² ni 1 + 2√x + x! Inabaki 2√x = 4, x = 4. Hakiki: √9 = 3, na 1 + 2 = 3.

Papa Amani: Na √x = −4, mwalimu?

Mwalimu wa Bagira: Haina jibu. Ukipandisha utapata 16, lakini √16 ni 4.

Yaya wa Kadutu: Aksanti sana wote. Leo jioni nitampa √(5x − 6) = x aichambue mwenyewe.

Mwalimu wa Bagira: Hiyo umechagua vizuri. Atapata 2 na 3, na yote mawili yanasimama. Asitafute la kutupa kwa nguvu.