Tupeane uzoefu: Princess Principal ilikukutaje, na wapi ilikukera?

Habari zenu wakuu. Uzi huu ni wa walioangalia Princess Principal, ile anime (katuni ya Kijapani) ya 2017 ya mabinti watano majasusi kwenye London iliyokatwa katikati na ukuta. Kama hujaiona pita kule maana humu spoila zitamwagika bila huruma. Kila mtu aseme yeye ilimkutaje, wapi alinyoosha mikono na wapi alikereka.

Naanza mimi. Nilijaziwa kwenye flashi na dogo wa kibanda cha muvi hapa mtaani, episodi zote 12. Kila episodi ina namba yake ya case, nafungua ya kwanza naona case13. Ya pili case1, ya tatu case2, ya nne case9, halafu eti inarudi case7. Nikasema huyu dogo kanichanganyia mafaili, nikampigia simu nikamchamba, akaapa hajagusa kitu, wapi, nikakaa na laptop nikayapanga upya kwa namba kuanzia case1 mpaka case24 nikaangalia hivyo. Nikaipenda ila kawaida tu, nikawa najiuliza mbona watu wanaisifia vile.

Baadae sana ndo najua kumbe hata Japani ilirushwa hivyo hivyo, wameivuruga makusudi. Nikarudia kwa mpangilio wao, aisee. Unaanza na Ange, mmoja wa wale mabinti watano, anamtorosha mwanasayansi mmoja, Eric, jamaa ana dada yake mgonjwa unamwonea huruma, Ange anampiga kamba yake ile ya kwamba yeye katoka sayari ya Mjusi Mweusi, unacheka, kufika mwisho kumbe Eric ndo msaliti na Ange anampiga risasi. Na kabla ya hapo keshamsainisha bima ya maisha ili hela ya matibabu ya dada ipatikane. Sasa huo ni ukatili au huruma? Ukiipata hiyo kabla hujamjua Ange ni nani, kila anachosema baada ya hapo unakitilia shaka. Mimi kwa ujuaji wangu ilinijia ikiwa ya sita, nishawazoea wote, haikunigusa hata kidogo. Dogo nilimwomba msamaha na soda juu.

Mama_Nasra: Mie ni case18 tu, zengine mtasema nyinyi. Niliiangalia usiku mtoto kalala, sauti nimeipunguza. Dorothy, mwingine katika wale watano, anatumwa mochwari kupekua maiti, kufika anamkuta babake ndiye anayefanya kazi pale, na huyo ndiye aliyekuwa akimpiga utotoni alipopoteza mkono wake akageukia pombe. Sasa ana mkono wa chuma na madeni mpaka hapa. Wallahi nilitamani Dorothy amkimbie. Hamkimbii, wanaanza kuongea kidogo kidogo kama watu wasiojuana, mwisho wanaahidiana wakutane baa. Sasa ile baa. Dorothy kakaa na mwenzake Beatrice anamngoja, watu wote wanaimba wimbo mmoja, naye anaimba kwa furaha, na sie tunaotazama tushajua huyo mzee keshauliwa. Hawakuonyesha analia, wamemwacha anaimba tu. Baba yangu nami alikuwa mtu wa chupa, Mungu amrehemu, ile siku sikulala.

Kijana wa Eastlands: Pole sana mama. Mimi nitakuwa yule mbaya wa hii story. Series ni poa lakini episodi mbili za mwisho walitufanyia madharau. Mwanzo mzima tunaambiwa Albion ni himaya imetawala dunia juu ya hiyo Cavorite yao ya kufanya meli zipae, sawa, himaya inamaanisha kuna watu wametawaliwa, si ndio? Nikangoja. Tunakuja kuwaona askari wa miguu wanaobaguliwa juu ya asili yao wakiwa tayari kumwua Malkia, nikakaa vizuri kwa kiti nikasema haya, sasa ndio tunaingia kwa maneno yenyewe. Bro, walipewa dakika ngapi? Wanaonekana, wanakasirika, wanatumiwa na yule jasusi Zelda, imeisha. Msee ametoka kwa nchi iliyokuwa koloni akiangalia hiyo kitu anaona wazi mwandishi alishika moto akauachilia. Na wale walioleta jasho kwa episodi zingine wote ni watu binafsi: baba ya Dorothy, baba ya Chise, baba ya Beatrice aliyemtengenezea koo la mashine. Kwa familia wako juu, kwa siasa wanakimbia.

Mwanzisha uzi: @Kijana wa Eastlands hapo sina pa kubishia. Ila yule wa koo la mashine usimguse, uwezo wake wa kuigiza sauti ya mtu yeyote umewaokoa mara ngapi.

Fundi_Dobi: Mbona hamna aliyetaja case16? Mimi nina kisehemu cha kufulia nguo, mashine mbili na pasi. Wale mabinti wanajificha kama vibarua kwenye laundry wakimtafuta mtu mwenye gesi ya sumu, wanakuta biashara yenyewe inakufa na mdai kila siku yuko mlangoni, basi wanajikuta wanaanza kuifufua. Wengi wanasema ni episodi ya kujazia, sijui. Niliangalia na wasichana wangu wawili wa kazi, walicheka mpaka mteja akapiga hodi mara tatu.

Bahari ya Muscat: Niko lindo usiku huku Oman, hizi ndio zinanisogezea saa. Sifa yangu ni muziki wa Yuki Kajiura, na ule wimbo wa kufungulia sikuwahi kuuruka hata mara moja. Lawama sasa. Nilipomaliza nikaingia mtandaoni kutafuta manga (kitabu chake cha katuni) nijue Ange na Princess, yule binti wa kifalme, wanaishia wapi, maana wale wawili walibadilishana nafasi utotoni, malkia mtarajiwa ndiye aliyekuwa mtoto mchomoa mifuko mtaani, kitu kama hicho huwezi kukiacha kinaning'inia. Kumbe hamna manga ya asili, hadithi ilizaliwa kwenye skrini moja kwa moja. Kinachofuata ni filamu za Crown Handler, zimepangwa 6, ya kwanza 2021, ya tatu ikaja 2023, kila moja haifiki hata saa nzima. Na Ange wa kwenye filamu kabadilishwa mtia sauti. Dada mpya anajua kazi lakini sikio langu lilishazoea ule ubaridi wa mwanzo, dakika kumi za kwanza nilikuwa naona kama jasusi mwingine kajifanya Ange. Ambayo kwa hadithi hii, kusema kweli, ingewezekana kabisa.

Mgeni_77: Wakuu sijaiangalia bado, nianze na mpangilio upi?

Mama_Nasra: Mwanangu umesoma uzi wote huu ndo unauliza? Anza na case13 kama walivyopanga wenyewe. Na case18 usiangalie peke yako.

Flashi_Senta: Mkuu mwanzisha uzi nimekujua kwa maelezo. Soda gani hiyo? Mimi mpaka leo nasubiri.