Wauza kompyuta wa Kariakoo, mnatuuzia "PC ya gemu" au mnatuuzia moto?

Wakuu salaam. Naandika nikiwa nimefura, kwa hiyo lugha ikichachuka mnivumilie.

Duka moja la Kariakoo (jina naliweka kiporo kwanza) limeniuzia CPU ya maofisini iliyotumika Ulaya, i5 ya kizazi cha nne. Wakachomeka kadi ya picha, GTX 1060 ya 6GB, wakaiita PC ya gemu. Dukani ikawashwa, video ya YouTube ikacheza, hela ikanitoka. Eti ndiyo kupima mashine ya gemu huko!

Nafika nayo Mbagala, nawasha mpira. Menyu safi, mechi inaanza, mara skrini nyeusi, feni kimya, mashine inajiwasha upya yenyewe. Leo dakika chache tu, kesho nusu saa. Hakuna skrini ya bluu, hakuna ujumbe wowote. Lakini uangalie muvi usiku kucha, haizimi ng'o.

Narudi dukani na mzigo wangu kwenye bajaji. "Bosi, hiyo Windozi tu, tunaipiga upya." Wakapiga. Ikazima. "Basi virusi." Mara ya mwisho wakaniambia umeme wa kwetu Mbagala ni mbovu! Wakati stabilaiza ninayo, na kwa jamaa yangu Sinza imezima vilevile.

Ikabidi nichimbe mwenyewe. Draiva za kadi nimezifuta kwa DDU, programu ya kufutia draiva, na kuziweka upya, wapi. Rami nimeziachia programu ya kuzipima, MemTest86, hadi asubuhi, kosa hata moja hakuna. Joto la kadi halifiki hata nyuzi 75. Nikafungua Event Viewer, daftari la matukio la Windozi: kila inapozima kuna kosa la Kernel-Power 41, na BugcheckCode, namba ya kosa la skrini ya bluu, ni 0. Yaani Windozi haikukwama popote. Umeme ulikatika ghafla, yenyewe ikaja kujua ilipowaka tena.

Nikafungua ubavu. Jamani!

GTX 1060 inakula hadi wati 120, na NVIDIA wenyewe wanashauri pawa saplai ya wati 400. Lebo ya hii iliyomo inasoma 290W, na hiyo ni ya miaka kibao. Kwa vile haina waya wa pini sita wa kadi, fundi wao kaunga adapta: huku plagi ya SATA, ile ya umeme wa hadi diski, kule pini sita. Plagi ya SATA upande wa volti 12 mwisho wake ampea 4.5, sawa na wati 54. Kwenye tundu la pini sita kadi inaruhusiwa kuvuta hadi wati 75. Nimeichomoa, plastiki imekuwa kahawia kwenye pembe na pini moja imeanza kuzama. Bado inanuka. Na wao walikuwa wanaipigia Windozi! Mama analala chumba cha pili, wakuu.

Nimewapelekea picha. "Kaka, wewe nunua pawa saplai kubwa, mali ikishatoka hairudi." Wanajua kabisa ubao wa hizi mashine unatumia plagi ya pini nane ya kampuni yake, siyo pini 24 za kawaida. Kwa hiyo niongeze hela, halafu nianze kusaka adapta nyingine?

Sitaki maneno mengi. Wanirudishie hela, au wanibadilishie kadi, waweke ile GTX 1650 isiyo na tundu la waya, inayokula umeme wa sloti ya ubao tu, na chenji yangu juu. Risiti ya EFD ninayo, imeandikwa kabisa kompyuta ya gemu. Wakikataa naenda Tume ya Ushindani (FCC). Aliyewahi kupeleka kesi ya bidhaa pale FCC aniambie, zaidi ya risiti na picha walitaka nini? Niipeleke mashine nzima au adapta inatosha?

Atakayekuja hapa na "mkuu jaribu kupiga windo" apite kimyakimya.