Kubadili kasi ya sauti baharini: mita, futi na pima kwa sekunde

Dira_Pangani
Wakuu salaam. Tunapima kina karibu na mlango wa mto Pangani. Ekosaunda (mashine inayopima kina kwa mwangwi wa sauti) inataka kasi ya sauti kwa mita kwa sekunde, programu ya kuchora ramani inataka futi kwa sekunde, na daftari la zamani tunalolilinganisha nalo liko kwa pima, juu ya ukurasa imeandikwa kasi ya futi 4,800. Maji ni nyuzijoto 28. Nizidishe kwa ngapi? Na hiyo 4,800 ni kosa la mwandishi au vipi?

Mkuku
Futi moja ni mita 0.3048 kamili, na pima ni futi 6, yaani mita 1.8288. Kutoka mita kwenda futi, gawanya kwa 0.3048, kwenda pima, gawanya kwa 1.8288. Kurudi, zidisha.

Maji ya bahari ya nyuzijoto 28 yenye chumvi gramu 35 kwa kilo, karibu na uso, sauti hukimbia kama mita 1,541 kwa sekunde. Hizo ni futi 5,056 au pima 842.6. Ukikutana na noti (maili za baharini kwa saa), zidisha mita kwa 1.94384: utapata kama 2,995.

Usizidishe kwa 3.28 kwa kuwa ni rahisi kukumbuka. Kwenye kasi hii unapoteza zaidi ya futi moja kwa sekunde. Si balaa, lakini ukibadili kwenda na kurudi mara kadhaa, namba ya mwisho haitafanana na ya kwanza na mtaanza kutafutana mchawi.

4,800 si kosa. Ni pima 800 kwa sekunde, namba ya mkato iliyofungwa kwenye mashine nyingi za zamani, sawa na mita 1,463. Ukikuta 4,920, hiyo ni pima 820, mita 1,499.6, karibu sawa na 1,500 ya mashine za sasa.

Fizikia_ya_Pwani
Naongezea. Kabla ya kugombania desimali, angalia maji yenyewe. Fomula fupi inayotosha kwa kazi hii:

c = 1449.2 + 4.6T − 0.055T² + 0.00029T³ + (1.34 − 0.01T)(S − 35) + 0.016z

T ni nyuzijoto za Selsiasi, S ni chumvi kwa gramu kwa kilo, z ni kina kwa mita, jibu ni mita kwa sekunde. Kokotoa kwanza, ndipo ubadili jibu. Ukitia Farenhaiti au futi ndani ya fomula, hakuna kizidisho kitakachokuokoa.

Kwenye nyuzijoto 28, digrii moja ni mita 2.2 kwa sekunde, na gramu moja ya chumvi ni kama mita 1.06. Hapo mlangoni mto ukiteremsha chumvi hadi 25, kasi inashuka hadi kama 1,530.6. Na maji ya mto huelea juu ya maji chumvi, kwa hiyo kipimo cha ndoo kilichochotwa usoni hakisemi kitu kuhusu maji ya chini. Shusha kifaa, soma kila mita moja au mbili.

Bamba_na_Mnyororo
Njia ya kuhakikisha ni bamba la chuma kwenye mnyororo wenye alama. Lishushe mita 5, kisha mita 20 chini ya transdusa (kifaa cha ekosaunda kinachotoa na kupokea sauti), bahari ikiwa shwari. Mashine ikiwa kwenye 1,500 na bamba la mita 20 likasomeka 19.47, kasi halisi ni 1,500 × 20 ÷ 19.47 = 1,540.8.

Ila soma zote mbili. Kwa kosa la kasi, la mita 5 litasomeka kama 4.87, pengo linakua na kina. Ukipata 4.47 na 19.47, pengo ni sentimita 53 kotekote: hapo aliyeingiza kina cha transdusa chini ya maji ndiye aliyekosea, kasi iache.

Na kagua kizio kwenye menyu. Ukiandika 1,541 mahali panaposubiri futi, umeipa mashine mita 469.7 kwa sekunde. Isipoikataa, sakafu ya bahari iliyo kwenye mita 40 itaonekana kama mita 12.2.

Dira_Pangani
Nashukuru. Basi pima 12 za kwenye daftari nizifanyeje?

Mkuku
12 × 1.8288 = mita 21.95. Kisha, kwa kuwa daftari lilitumia futi 4,800, zidisha kwa 1,541 ÷ 1,463.04, utapata mita 23.1. Ukiacha hatua ya pili unapoteza mita 1.17.

Lakini soma vichwa vya safu kwanza. Kama kuna safu ya kina kilichokwisha kurekebishwa, chukua hiyo na usizidishe tena. Kama ni kina cha kamba ya bildi (kamba yenye uzito wa risasi), kasi ya sauti haihusiki kabisa. Badili pima kuwa mita tu. Tazama pia kama wameondoa maji kujaa na kupwa. Wakati wa bamvua pwani hii maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na hilo linameza marekebisho yote ya kasi. Daftari lisilo na saa ya kipimo huwezi kulilinganisha na chochote.