Programu gani ya hesabu kwa kampuni ya usafi?

Muulizaji: Wakuu habari, nina kampuni ya usafi wa maofisi hapa Dar, wafanyakazi 60, ankara bado tunaandika kwenye Excel, juzi moja imeenda mara mbili mteja akawaka kweli. Nichukue QuickBooks au Tally?

Jibu 1: Mkuu we unauza huduma, usilipie mambo ya stoo. Cheki kwanza inavyoshika VAT 18% na ile 5% ya kodi ya zuio wateja wanayobakiza wakikulipa na kuipeleka TRA kwa niaba yako, hapo ndo hesabu nyingi zinagoma kubalansi.

Jibu 2: Tally tunaitumia kwenye kompyuta ya ofisini, mtandao ukikata kazi inaendelea. Ila muulize mhasibu wako kazoea ipi, ndo atakayekesha nayo tarehe 19 ritani ya VAT ikisubiriwa TRA kesho yake.

Muulizaji: Duh, hiyo 5% tumekuwa tukiiandika deni la mteja! Asanteni sana.