MREJESHO: Nyumba ya kaka Uyole iliyotaka kupigwa mnada na benki

Wakuu, wakubwa shikamooni. Niliomba ushauri hapa kuhusu nyumba ya kaka aliyoiweka rehani kwa mkopo wa benki: maombi ya kuzuia mnada yalishatupwa mahakamani, wakili wake anasisitiza tukate rufaa.

Mliosema uamuzi mdogo usiomaliza kesi haukatiwi rufaa mlikuwa sahihi. Kaka alikata hivyo hivyo. Wakili wa benki akaweka pingamizi la awali (hoja ya kisheria kabla ya kusikilizwa), rufaa ikatupwa na gharama juu, huku riba inapanda tu.

Hoja kwamba benki haikutoa notisi ya deni kabla ya mnada nayo iligonga mwamba. Ile ya siku 60 ilikuwepo, saini ya kupokea ni ya kaka, kalamu ya bluu. Hata ridhaa ya shemeji, mke wa kaka, ya kuweka nyumba rehani ilikuwa kwenye faili.

Kilichosaidia ni kuachana na kesi, tukaomba benki itupe muda tuuze wenyewe. Meneja aligoma, akalegea tulipompeleka mnunuzi na ofa yake ya maandishi. Deni limeisha, chenji imepata kiwanja kidogo Inyala. Nyumba ndiyo imekwenda, na shemeji hataki hata kumsikia yule wakili wetu.

Asanteni sana, hasa aliyenielekeza kifungu cha 127 cha Sheria ya Ardhi, kile cha notisi.